Mhuri Haukopeshwi

Je, aliyezuiwa mlangoni ana haki ya kukabidhiwa funguo za nyumba nzima? Swali hili, ndugu msomaji, linatokana na kompyuta moja ya duka la steshenari.

Binamu yangu wa Kisarawe aliandika skripti ya Linux, inakili mafaili ya duka kila jioni na kufuta nakala kuukuu. Ikagoma: eti huna ruhusa. Akanipigia simu Kibaha, maana mashine ile niliifunga mimi. "Kaka, nipe neno la siri la ruti niimalize." Ruti ndiye mkubwa wa mashine, hapigi hodi popote.

Nikamwambia anisomee kwanza. Kumbe faili halikuwa na ruhusa ya kuendeshwa, basi! Dawa ni chmod u+x, na mwenye faili anajitibu mwenyewe. Lakini chini zaidi kulikuwa na mstari huu: rm -rf "$FOLDA"/*, na hiyo FOLDA hakuijaza jina popote. Jina likiwa tupu, amri inabaki /*, yaani fagia kila kitu kuanzia shinani. Raia wa kawaida angepoteza vya kwake. Ruti angemaliza duka zima. Nikamwekesha set -u juu kabisa, ili skripti isimame ikikuta jina ambalo halikuwekwa kabisa.

Bado palikuwa na kazi moja ya halali inayomhitaji mkubwa. Hapo ndipo sudo inapoingia. Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliitunga mwaka 1980 kule Buffalo, Marekani, na uzuri wake ni kwamba unaweza kumpa mtu amri moja tu. Mtendaji wa kijiji hukugongea mhuri kwenye barua. Hakuachii mhuri ulale nao.

"Unanibania," akasema. Sikumlaumu. Tunawajua wale wanaokalia maarifa ofisini wakisingizia usalama, na jamani, wanachosha.

Basi nikampa sudo ya skripti ile peke yake. Ila angebaki na uwezo wa kuihariri, angeandika humo lolote na ruti angelitekeleza. Ningekuwa nimempa funguo zote kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo faili, pamoja na folda yake, nikaviweka chini ya ruti: aiendeshe, asiibadili.

Akanyamaza kidogo kwenye simu. "Sasa kaka, skripti niliyoiandika mimi, hata nukta siwezi kuisogeza bila wewe. Hiyo bado ni yangu?"

Mpaka leo sijamjibu.