Hofu ya Magofu



Ndugu yetu mmoja mzaliwa wa Malindi, afanyaye biashara Matiliku huko Makueni, ametuandikia kwamba mwanawe alitazama katika simu senema ya nyumba kongwe yenye mizuka. Tangu usiku ule haendi peke yake kutia udhu wa alfajiri, na ameapa kuwa hatalala tena katika nyumba ya babu yake Malindi, kwa kuwa ni ya kale. Jamaa wamshauri ampeleke kwa mganga akavishwe hirizi. Afanye nini?

Jawabu letu ni hili. Majini wapo, Qur'ani imewataja, na Muislamu hakanushi. Lakini kuwapo kwao ni jambo moja, na kuwaogopa mpaka sala ikapita wakati wake ni jambo jingine. Sura ya Jinni yatufahamisha kuwa watu waliotafuta kinga kwa majini walizidi kuharibikiwa. Basi hirizi haiondoi hofu, huifunga shingoni.

Ama senema, mwana na aelezwe zinavyofanywa. Iko moja mashuhuri ya mwaka 1963, The Haunting, iliyoongozwa na Robert Wise. Watazamaji hutetemeka, na hali hapana mzuka hata mmoja unaoonyeshwa: ni vishindo ukutani na mlango unaobonyea, basi. Nje ya nyumba ile ilipigwa picha Ettington Park, Uingereza. Vyumba vya ndani vilitengenezwa studio. Ettington Park leo ni hoteli, watu wala na kulala humo bila ya wasiwasi.

Lakini sisi watu wa pwani tusimcheke mwana huyu. Tunayo magofu yetu ya Gedi, karibu na Malindi. Wangapi kati yetu husema kuwa pale pana mizimu ilindayo, wakapita mbio? Mji ule ulikuwa wa Waislamu. Una msikiti mkubwa, jumba la mtawala, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Vyombo vya Kichina vimefukuliwa humo, dalili ya utajiri wao. Katika karne ya 17 ulihamwa; wachunguzi hutaja kupungua maji visimani na mashambulio ya Waoromo.

Sura ya Hajj yataja visima vilivyoachwa na majumba marefu yaliyobaki bila watu, kisha yatuonya kuwa upofu wa kweli ni upofu wa moyo. Mwenye kwenda Gedi akawaza mizimu tu, hakuona kitu. La kuogopesha pale ni mihrabu: zamani watu walisimama safu nyuma yake, na leo hapana mwadhini. Nasi je, misikiti yetu ya mitaani ambayo alfajiri haijazi safu moja, twaipeleka wapi?

Basi ewe ndugu wa Matiliku, usimpeleke mwanao kwa mganga, wala usimkaripie. Amka naye alfajiri, fuatana naye mpaka penye maji. Kabla ya kulala someni pamoja Ayatul Kursiy na Sura mbili za kujikinga. Likizo ikifika, mlete alale kwa babu yake. Kisha mwende Gedi, msimame mbele ya mihrabu ile, muwaombee rehema waliosali pale. Hapo atajua kuwa nyumba za kale ni za watu kama sisi, waliotutangulia tu. Na mwenye kumwogopa Mwenyezi Mungu, hofu hiyo moja yamtosha.