Haki ya Mfiwa Baada ya Siku Tatu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wako wadhanio kuwa kulia ni upungufu wa imani, na kwamba mwenye subira ni yule ambaye macho yake ni makavu. Dhana hiyo si sahihi. Nabii Yaakub (a.s.) ndiye mwenye subira njema, na juu ya hayo alimlilia Yusufu hata macho yake yakawa meupe. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, machozi yalimtoka mbele ya masahaba zake. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo. Basi mfiwa asiongezewe mzigo wa kuyaonea haya machozi yake.

Lakini jirani, wajibu wake ni nini, na mwisho wake ni lini?

Jibu limo katika khabari ya Jaafar bin Abi Talib (r.a.), aliyeuawa vitani Muta mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 629. Mtume aliamrisha jamaa za Jaafar wafanyiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Angalia, ewe ndugu: wao ndio wapikiwao, si wao wapikao. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelichukia jambo la wafiwa kupika na kukusanya watu. Na ikiwa katika warithi yumo yatima, kulisha watu kwa mali yake ni haramu. Nao ni wangapi waliouza minazi huko pwani, au ng'ombe huku mlimani, ili wageni washibe matangani!

Tena tuusome mwisho wa khabari hiyo. Baada ya siku tatu Mtume aliwajia, akakataza kumlilia Jaafar tangu siku ile, akataka waletwe watoto, akamwita kinyozi akawanyoa. Mama yao alipotaja uyatima wao, alimwambia asiwakhofie ufukara, kwani yeye ndiye walii wao duniani na akhera. Basi siku tatu ni mwisho wa taazia, si mwisho wa wema. Sisi tumegeuza: mkeka ukikunjwa, njia ya nyumba ile huota majani, na mjane yungali edani, miezi minne na siku kumi.

Wala jambo hili halikomi kwa Waislamu peke yao. Imam Nawawi katika Minhaj amefundisha hata maneno ya kumtaazi asiyekuwa Mwislamu aliyefiwa na Mwislamu. Sisi wa Tarakea twaishi kihamba kwa kihamba na watu wa dini nyingine. Mwezi wa Juni mwaka 1994, moto uliunguza bweni la skuli ya Shauritanga, katika wilaya hii ya Rombo, wakafa wasichana zaidi ya 40. Mzazi aliyezika binti namna ile, nani atamwambia msiba wake ulikwisha siku ya tatu?

Basi, ndugu yangu, peleka chakula kilichokwisha pikwa. Uliza deni la maiti. Mshike mkono yatima umpeleke chuoni. Na mwezi ukipita, rudi ukabishe hodi, kwani hapo ndipo wabishao huwa wachache.

Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, na awape subira waliobaki. Amin.