Taiming Haiwekwi kwa Sikio

Vijana wangu wa gereji, nimewaona mkilegeza boliti ya distributa, mmoja akanyage mafuta, mwingine aizungushe distributa kutafuta taiming ya cheche huku ameinamisha kichwa. Injini ikilia vizuri mnakaza, mwenye gari anaitwa alipe. Wanangu, acheni hayo.

Hilux yenye injini ya 22R ikiwa tupu huvumilia cheche iliyowahishwa kupita kiasi, tena husikika nyepesi. Ndiyo maana mnadanganyika. Mwenyewe akishapakia saruji na kuanza kupanda mlima Kitonga, petroli inawaka pistoni ingali mbali na kilele. Pistoni inasukuma juu, moto unasukuma chini, na mchanganyiko ambao moto haujaufikia unajilipukia. Hugonga kama kokoto ndani ya kopo, lakini kwa kelele za mzigo na barabara dereva hasikii. Ringi zinavunjika, pistoni inatoboka, na mtu aliyekopa kununua gari lile anabaki kando ya barabara. Mkichelewesha nako, gari linakosa nguvu, linachemka na kumaliza petroli.

Krankshafti ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupita digrii 18 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Digrii 5 hazifiki hata theluthi ya muda huo. Sikio la nani litapima hilo?

Kwa hiyo tafuteni taa ya taiming. Injini ipate moto kwanza, kisha someni kibandiko kilicho chini ya boneti, maana magari hayalingani hata yakiwa na injini ya jina moja. Kwenye 22R-E, ile ya sindano, unganisheni matundu ya T (kwenye magari mengine TE1) na E1 ya soketi ya ukaguzi kwa kipande cha waya, ndipo mtafute digrii 5 kabla ya kilele. Msipounganisha, kompyuta inaongeza zake na mtarekebisha kisichoharibika. Yenye karabureta, chomoeni paipu ya vakyumu na kuiziba kama kibandiko kinavyoagiza.

Hata alama ya puli mnayoimulika msiiamini upesi. Puli nyingi zina mpira kati ya kiini na duara la nje. Ukizeeka, duara huteleza na alama ikaenda nalo. Mkiwa na shaka, toeni plagi ya silinda namba moja, zungusheni injini kwa spana huku kijiti kirefu cha mbao kikionyesha pistoni inapofika juu kabisa, mlinganishe na alama.

Sasa hili nawasihi kama baba. Taa ile humulika kwa kumetameta, na mapanga ya feni huweza kuonekana yamesimama au yanazunguka polepole. Hayajasimama! Kijana akipeleka mkono kushika waya, vidole vinakwenda. Kunjeni mikono ya shati, vueni tai na mnyororo wa shingoni, waya wa taa upite mbali na mkanda. Na mtu asiingie kwenye usukani akakanyaga mafuta bila aliyeinama kuambiwa.

Mkishakaza boliti, mulikeni tena, kwa kuwa distributa husogea wakati wa kukaza. Toeni kile kipande cha waya, rudisheni paipu, kisha pakieni mzigo mkalijaribu gari mlimani wenyewe kabla ya kumpa mwenyewe funguo.