Suluhu ya Mnyonge

Neno haki katika Kiswahili limetwishwa mizigo miwili. Kwanza, ni kile anachostahili mtu: haki yangu, haki yako, haki ya mjane. Pili, ni uadilifu wenyewe, yaani jambo kutendeka kama lilivyopasa kutendeka. Huenda ndiyo sababu twasema kwa wepesi kwamba fulani "ana haki", kana kwamba kuwa na haki na kutendewa haki ni kitu kimoja. Lakini sivyo. Mtu aweza kuwa na haki iliyoandikwa na kupigwa mhuri, akaishi nayo miaka arobaini, na akafa bila kuionja.

Baina ya kuwa na haki na kutendewa haki pana safari. Ina karatasi za kujazwa, siku zilizohesabiwa, nauli, ada, na maneno ambayo aliyesoma darasa la nne huyasikia kama mvua juu ya bati: kelele anaisikia, maana haipati. Mwenye fedha humwajiri wakili amwongoze. Neno wakili lenyewe maana yake ni mtu aliyekabidhiwa shauri la mwingine, na ndiko kulikotoka kitenzi chetu kuwakilisha. Asiye na fedha hana wa kumkabidhi. Yafaa basi tujiulize: kumsaidia mtu huyu ni hisani anayofanyiwa na wema, au ni deni analodai? Na swali la pili, lililo gumu zaidi: je, si afadhali mnyonge aachane na mahakama kabisa, akubali suluhu ya wazee, na kubaki na amani yake?

Nayauliza maswali haya nikiwa Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Hapa maswali hayo si ya darasani tu. Wilaya hii ina Shamba la Miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini. Ina mashamba ya chai, na kule Mgololo kuna kiwanda cha karatasi. Zamani mkulima wa huku alipima thamani ya ardhi yake kwa magunia ya mahindi. Siku hizi ardhi hiyo hiyo hupimwa kwa mbao na nguzo, na wanunuzi hutoka miji ya mbali kutafuta mahali pa kupanda misindano na milingoti. Ardhi inapopanda bei, ugomvi nao hupanda, na mara nyingi huingia nyumbani kwa yule asiyejua kuupokea.

Tutazame mfano mmoja, ambao si wa mtu fulani bali ni wa wengi. Mwanamume amefariki, ameacha mke, watoto wadogo, nyumba ya matofali na ekari chache. Ukoo umekaa kikao, muhtasari umeandikwa, na shemeji wa mjane amepelekwa Mahakama ya Mwanzo na kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mwaka unapita. Shemeji anapanda misindano katika shamba la marehemu kaka yake. Mjane anapouliza, wazee wanamwita na kumwambia kwa upole: "Mama, sisi ni nyumba moja. Usitupeleke barazani tukavuliwa nguo mbele ya watu. Shemeji yako atakutunza wewe na watoto." Mjane anainamisha kichwa, anasema, "Nimesikia, baba zangu." Watu wanashukuru na kuondoka. Imepatikana suluhu.

Lakini yapo mambo ambayo mjane huyu hakuambiwa. Hakuambiwa kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Kwamba kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili, na kwamba anapaswa kurudisha hesabu mahakamani ndani ya miezi minne, au muda zaidi ambao mahakama itampa. Hakuambiwa kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Hakuambiwa kwamba anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30 tu. Wala hakuambiwa kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Msindano nao huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi kabla ya kupasuliwa mbao. Mama huyu anaweza kuitazama miti ikirefuka, akisubiri kutunzwa, na siku ile miti inapokuwa tayari kwa msumeno, dai lake likawa karibu kufa au limekwisha kufa.

Nisieleweke kwamba nawadharau wazee au suluhu. Watu wanaoteka maji kisima kimoja na kuzikana hawawezi kuishi kwa hukumu peke yake. Mahakama humwambia mmoja "umeshinda" na mwingine "umeshindwa", kisha wote wawili hurudi kijiji kimoja. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na sheria zetu zenyewe zimeliheshimu wazo hilo. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu kati yao wakiwa wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Mabaraza ya Kata nayo, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, yaliondolewa mwaka 2021 uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, yakaachiwa kazi ya kupatanisha. Taifa limeamua kwamba ugomvi wa ardhi uanzie kwenye mapatano. Uamuzi huo una hekima.

Hata hivyo, hekima hiyo ina sharti lake. Kukubali kwa mtu kuna thamani pale tu anapokuwa na uwezo wa kukataa. Mkulima mwenye shida ya karo huuza mahindi yake yangali shambani, kwa bei anayotajiwa na mlanguzi. Amekubali, hakulazimishwa kwa fimbo. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba bei ile ilikuwa ya haki kwa sababu tu mkulima aliikubali. Alikubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Suluhu ya mjane wetu ni ya namna hiyo hiyo. Shemeji alijua kwamba shauri likishindikana barazani yeye hapungukiwi na kitu, maana shamba tayari liko mikononi mwake. Mjane hakujua kama kuna mahali pengine pa kwenda. Mapatano kati ya mtu anayejua njia na mtu asiyejua kwamba njia ipo hayawezi kuitwa mapatano. Ni unyang'anyi uliofanywa kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba msaada wa kisheria ni adui wa suluhu, kwamba unawafundisha wanawake na maskini ugomvi, wamelishika jambo hili kichwa chini. Mjane akijua haki yake, si lazima aende mahakamani. Pengine atakaa na wazee wale wale, chini ya mti ule ule, na kukubali fungu dogo kuliko lile ambalo sheria ingempa, kwa kuwa anapenda watoto wake wakue na baba zao wadogo. Hiyo ni suluhu, kwa sababu ni zawadi aliyotoa yeye. Mtu hawezi kusamehe deni asilolijua.

Tena yapo mambo ambayo suluhu, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kuyatenda. Suluhu hufunga ugomvi wa watu wawili. Hukumu huweza kufungua njia kwa watu elfu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu alilolidai. Lakini tangu siku hiyo, kila mwanamke aliyeambiwa "wewe ulikuwa unapika tu" amekuwa na jibu. Kama angesikiliza ushauri wa kukaa kimya, jibu hilo lingechelewa miaka mingapi?

Sasa turudi kwenye swali la hisani na deni. Kwa muda mrefu nchi yetu, kama nchi nyingine, iligawanya jambo hili mafungu mawili. Sheria ya mwaka 1969 iliweka msaada wa wakili kwa mashauri ya jinai. Katika jinai, Serikali yenyewe ndiyo mshitaki, na ilionekana aibu Serikali yenye wanasheria imkabili mtu peke yake. Katika madai, yaani ardhi, mirathi, ndoa, mishahara na kodi ya nyumba, ilionekana kwamba huo ni ugomvi wa mtu na jirani yake. Pengo hilo lilizibwa na watu wa kujitolea. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967, na mwaka 1989 wanawake wanasheria nao wakaanzisha vyombo vya kuwasaidia wanawake wenzao. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini msaada wa hisani hutegemea moyo wa mtoaji na mfuko wa mfadhili. Hata Uingereza, iliyotunga sheria ya msaada huu mwaka 1949, ilipunguza sana msaada katika mashauri ya madai kwa sheria ya mwaka 2012. Kinachoitwa hisani, hata katika nchi tajiri, hupunguzwa mwaka wa shida.

Mimi nasema ni deni, na sababu yangu ni hii. Dola imemkataza raia kujichukulia sheria mkononi. Imemwambia mtu aliyenyang'anywa shamba: weka panga chini, usivunje uzio, using'oe mti, nenda mahakamani. Imefanya vyema. Lakini aliyefunga njia moja na kuwaamuru watu wote wapite nyingine amejitwika wajibu wa kuifanya hiyo nyingine ipitike, si kwa mwenye gari tu, bali hata kwa mwenda kwa miguu. Tena sheria haimwachii mtu kwa sababu hakuijua. Basi anayesema "kutojua si kinga" amekiri kwa kinywa chake kwamba anadaiwa mafunzo. Katiba yetu ya mwaka 1977, kwa marekebisho ya mwaka 2000, inazitaka mahakama kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Na wahenga walitangulia kusema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawakusema "mfadhilini". Walisema ni yake.

Malipo ya deni hilo yameanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeingiza mashauri ya madai pamoja na ya jinai, na imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huelimisha wananchi na kuwaonyesha njia. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapo kabla, shauri la mkulima lililosikilizwa kwa Kiswahili Mahakama ya Mwanzo lilipopanda juu liligeuka Kiingereza, akawa mgeni katika habari za shamba lake mwenyewe. Mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoazimia kuwafuata wananchi walipo.

Atasema mtu: nchi hii ina zahanati za kujenga na madawati ya kununua, itampaje kila mwananchi wakili? Jibu ni kwamba si kila mwenye shida anahitaji wakili. Hasara nyingi huzuilika kwa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri na tarehe moja iliyokumbukwa. Lakini tusijidanganye. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani badala ya mtu. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, na upande wa pili kuna mnunuzi mwenye wakili, ukurasa mmoja hautoshi. Hapo deni bado halijalipwa, na katika pengo hilo hujipenyeza vishoka, wanaojiita mawakili na kula nauli ya mjane.

Wajibu wa walimu na wanafunzi ni mwepesi kuutaja. Kijana wa kidato cha pili anaweza kumsomea bibi yake hati ya wito, akaandika ukutani siku ya mwisho ya rufaa, akamwonyesha ofisi ya ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Asifanye zaidi ya hapo. Asimwamulie. Shauri ni la bibi, na uamuzi wa kudai au kusamehe ni wake.

Nasi tutakaoitwa siku moja kukaa katika mabaraza ya usuluhishi, tujizoeze kuuliza swali moja kabla ya kuwataka watu wapeane mikono. Tumgeukie yule aliye dhaifu zaidi na kumwuliza mbele ya wote: "Mama, kama hukubali, unajua pa kwenda?" Akijibu kwamba hajui, kikao kiahirishwe mpaka ajue.