Msaada wa Kweli ni Upi?

Kuna swali lililonisumbua kwa muda mrefu, nami naona yafaa tulifikiri pamoja. Mwalimu akimsaidia mwanafunzi hata akashinda mtihani, je, ni hakika kwamba amemsaidia?

Hapa Lubumbashi muziki si jambo geni. Mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, jina lililobadilishwa mwaka 1966, Joseph Kiwele alitunga Misa Katanga, nayo ikaimbwa na waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Hata leo, ukipita karibu na kanisa jioni, utasikia kwaya zikijizoeza. Lakini wako vijana wasiotosheka na kuimba kwa kusikia tu. Wanataka kusoma nota, kupiga kinanda, na kupata cheti kinachojulikana hata ng'ambo.

Vyeti vya namna hiyo jirani zetu wa Kenya na Uganda wamevizoea. Hutolewa na halmashauri ya Uingereza iitwayo ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, na madaraja yake makuu ni 8. Katika mtihani wa kawaida mwanafunzi hupiga vipande 3 alivyojifunza. Kisha hupewa ukurasa asioupata kuuona, ausome na kuupiga papo hapo. Masikio yake nayo hujaribiwa. Tangu mwaka 2020 iko namna nyingine: mwanafunzi hupiga vipande 4 mfululizo mbele ya kamera, bila kukata wala kuunga, naye mtahini husikiliza akiwa mbali. Alama zote ni 150, na apataye 100 ameshinda.

Miaka michache iliyopita nilimtayarisha kijana mmoja kwa namna hii ya pili. Tulichagua vipande 4, na mwaka mzima hatukugusa kitu kingine. Nilimwonyesha kila kidole. Alipokosea, nilimpigia mwenyewe, naye akafuata. Hatukuvunja sheria yoyote. Kijana akashinda, mama yake akachinja kuku, nami nikashukuriwa mbele za watu.

Baadaye kukawa na mazishi, na mpiga kinanda wetu alikuwa mgonjwa. Kijana akapewa kitabu cha nyimbo, afungue wimbo mwepesi kuliko vile vipande vyote 4. Aliutazama ukurasa kwa muda, kisha akaniambia polepole, "Mwalimu, huu hukunifundisha." Watu wakaimba bila kinanda.

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Sikumfundisha kusoma, nilimfundisha kunifuata mimi. Wala mtihani hauna kosa. Mtihani ni mzani tu, na mzani haujazi gunia.

Labda mtu atasema: "Wazazi wamelipa fedha walizozipata kwa taabu. Mtoto akishindwa atakata tamaa. Je, si huruma kumrahisishia njia?" Neno hili si la kudharau. Ada ni mzigo katika nyumba nyingi, na kumpeleka mtoto asiyekuwa tayari ni ukatili. Lakini tujiulize vema, ni nani hasa tuliyemhurumia? Mimi niliogopa aibu yangu kuliko nilivyoogopa ujinga wake. Cheti chake kilikuwa pia sifa yangu.

Basi tufanyeje? Katika kila somo, mwalimu atenge dakika 5 za ukurasa mpya, mwepesi, naye anyamaze. Mwanafunzi aseme mwenyewe alipokosea kabla hajaambiwa. Mwezi mmoja kabla ya mtihani apige mara nyingi mbele za watu, nyumbani au baada ya Misa, ajifunze kuendelea hata akikosea. Maana asiyezoea macho ya watu hutetemeka mbele ya kamera. Na siku ya kunasa akikosa vibaya, na muda ungalipo, arudie vipande vyote 4 tangu mwanzo, wala asitafute fundi wa kuunga picha. Njia ya mwongo ni fupi.

Kipimo cha msaada ni hiki: mwalimu akiisha kutoka chumbani, ni nini kinachobaki mkononi mwa mwanafunzi? Kikibaki kitu, mwalimu amesaidia, hata kama alama ni chache. Kisipobaki kitu, mwalimu amejisaidia mwenyewe.

Mimi na kijana yule tulianza upya, kitabu cha nyimbo mkononi, ukurasa kwa ukurasa. Kazi ilikuwa ndefu, wala haikumletea cheti kingine. Lakini Jumapili moja alipiga wimbo ambao sikuwahi kumwonyesha. Alikosea mara 2, akaendelea. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa kanisani, naye hakugeuka kunitafuta.