Mbwa, Tohara na Huruma: Yaliyonifika Chanika

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, nataka kusema nanyi khabari ya mbwa. Najua wako watakaokifunga kijitabu hiki papa hapa, wala siwalaumu, kwani zamani kidogo mimi ningekuwa wa kwanza kukifunga. Nimesomesha watoto chuoni hapa Chanika, katika mji wa Handeni, muda mrefu. Kulla nilipofika mlango wa najisi nilisema ya kwamba mbwa ni najisi nzito, na ya kwamba alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa mchanga. Kisha nikafunga kitabu. Maneno hayo ni kweli, nayo ndiyo madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Walakini watoto walipotoka chuoni wakaokota mawe kumvurumishia mbwa apitaye njia, mimi niliwatazama nisiseme neno. Nao wakauhesabu unyamavu wangu kuwa ni sehemu ya somo.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka tisa, hakuja chuoni siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwao kumwulizia. Nikamkuta kibarazani, mguu ameufunga kitambaa, naye akaona haya kunitazama. Kumbe ameumwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Hakumwambia babake wala mamake, kwa kuogopa kuambiwa amejitia najisi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimejiosha mara saba, Maalim, na mara moja kwa mchanga." Mchanga wenyewe alikuwa ameutia ndani ya jeraha.

Wallahi nilikosa la kumjibu. Alifanya yale yale niliyomfundisha, bila kuacha hatta moja, na kwa hayo alikuwa karibu na kufa. Tulimpakia katika pikipiki mimi na babake hatta hospitalini, akaanzishiwa sindano siku ile ile, akazimaliza zote kwa tarehe zake. Alhamdulillahi mtoto yu hai, na sasa amefika Juzuu Tabaraka.

Yafaa kulla baba ajue jambo hili. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mwenye ugonjwa, na huingia mwilini kwa jino au kwa mkwaruzo. Huweza kujificha wiki nyingi, pengine miezi, na dalili zake zikisha kudhihiri, mgonjwa akawa aogopa hatta maji, hapana dawa ya kutegemewa kumponya. Wataalamu wamekisia ya kuwa Tanzania hufa kwa ugonjwa huu kiasi cha watu 1,500 kulla mwaka, na wengi wa wanaoumwa ni watoto. Basi aliyeumwa aoshwe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, asingojee kesho. Hesabu ya mara saba itafuata baadaye. Dini yetu haikuamrisha mtu atie mchanga katika nyama iliyo wazi.

Baada ya hayo akanijia bwana mifugo. Aliniomba nitangaze baada ya Sala ya Ijumaa ya kwamba mbwa watachanjwa bure, kwani wakichanjwa mbwa 70 katika kulla 100 ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nikatangaza. Siku ilipofika watu wa mashambani walileta mbwa wao, walakini hawakuweza kuwashika: mbwa wa kulinda mahindi na nguruwe pori na kima ni mbwa wa kwenda huru, hajui kamba. Bwana mifugo alikuwa peke yake na sindano yake, na vijana wetu wamesimama mbali, wamekusanya nguo zao. Mimi nilikuja kutazama tu. Mwenyezi Mungu ajua ya kuwa sikuwa na nia nyingine. Nikamwona mzee mmoja akiburuzwa na mbwa wake mavumbini, nikavua kofia, nikamshika mbwa yule shingoni. Tangu asubuhi hatta adhuhuri sikumwachia mwingine kazi hiyo.

Maneno yakaanza jioni ile ile. Waliuliza, je, Maalim aweza kutuswalisha? Nikawajibu kwa kitabu, wala si kwa hasira. Kwa madhehebu yetu, mkono mkavu juu ya mbwa mkavu hautiwi najisi. Ikiwa upo umajimaji, mahali pale huoshwa mara saba, moja kwa mchanga, na mambo yamekwisha. Kumshika mbwa hakuvunji udhu. Na Imamu Malik, ambaye hapana mmoja wetu athubutuye kumwita mjinga, alisema mbwa aliye hai ni tohara. Mimi siachi madhehebu yangu; nina kanzu moja ya kazi ile, na ndoo yake, na mchanga wake. Walakini nataka mfahamu ya kuwa hukumu ya najisi yatuambia tuoshe nini. Haikutuambia tumrushie nani mawe.

Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo khabari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa akila udongo wenye maji kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji khofu yake ya ngozi, akaishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mtu wa Handeni haelezwi maana ya kiu, wala ya kushuka kisimani mara ya pili. Na Mtume (S.A.W.) alipokataza kufuga mbwa bila haja, aliwatoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Iko pia riwaya ambayo sikuifundisha hatta siku moja, ingawa naijua tangu ujanani. Al-Waqidi, katika kitabu chake cha Maghazi, ataja ya kuwa jeshi lilipokuwa likienda kuifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume alimwona njiani mbwa jike akiwanyonyesha wanawe, akamweka sahaba mmoja, Juail bin Suraka, asimame hapo ili mtu yeyote katika jeshi asimsumbue. Wanazuoni wana maneno juu ya Al-Waqidi katika hadithi za hukumu, nami sijengi hukumu juu yake. Walakini nimemfikiri sana sahaba yule. Wenziwe waenda kuifungua Makka, na kazi aliyopewa yeye saa ile ni kulinda mbwa.

Nalimfikiri zaidi lilipoonekana jike mwenye watoto wanne nyuma ya ukuta uliobomoka, karibu na soko. Watu walikwisha kuzungumza khabari ya sumu. Nikaomba wiki sita, nikawachukulia ugali na dagaa, na vijana wawili wa chuo wakanifuata bila kuitwa. Bwana mifugo akamchanja mama yao papo hapo, na watoto nao walipofika umri wao.

Msidhani haya ni mambo ya mtu mmoja wa bara asiye na kazi. Ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu, kwa kuchanja mbwa waliukata ugonjwa mwaka 2014. Ukarejea mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Hapana aliyeipungukia Pemba dini yake kwa jambo hilo.

Watoto wale watatu walichukuliwa na wakulima, wakalinde mahindi. Wa nne alibaki, dhaifu kidogo. Usiku mmoja baada ya Sala ya Isha akaja babake yule mwanafunzi, akasimama mlangoni, akaniuliza kama mbwa wa shamba apunguza thawabu za mtu. Nikamwambia ya kwamba hawi katika katazo, maadamu ni wa shamba kweli. Akatoa kamba ya katani mfukoni.

Wako wawili katika mtaa wetu ambao hatta leo hawaswali nyuma yangu. Nikiwapita nawasalimu, nao huniitikia. Siku ya chanjo ijayo itatangazwa msikitini. Mwenye mbwa amzoeze kamba kwanza, nami nitakuwapo tangu alfajiri. Wassalaam.