Debe Nyuma ya Mlango

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. 25:13–16 na Amosi 8:4–6.

Mafungu ya sura ya 6 Myahudi mcha Mungu huyakiri kila jioni na kila asubuhi. Huandikwa pia kwenye kipande cha ngozi, kikawekwa ndani ya kibweta kidogo kinachopigiliwa kwenye mwimo wa mlango. Kibweta hicho huitwa mezuza, na wengi hukigusa wanapopita. Hivyo anayetoka kwenda shambani amemkumbuka Mungu kabla hajamsalimu mtu.

Sisi huwa wepesi kusema, “Hao ni watumwa wa sheria.” Tusiharakishe. Katika Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, mwenye duka anaagizwa kupangusa vipimo vyake mara mbili kwa juma, maana mabaki yakigandamana ndani, mnunuzi hupunjwa. Walimu wa Talmudi wakaenda mbali zaidi: kipimo cha uongo kisikae nyumbani hata kama kinatumika tu kukojolea usiku. Kwa nini? Huenda jua likizama, mtu akakichukua na kupimia.

Wala mambo haya si ya ng’ambo tu. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya, wakulima walioshika dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Wanalima kahawa kama wenzetu wa Kasulu. Mwaka 2004 waliungana na majirani Wakristo na Waislamu katika ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Katika ushirika wa namna hiyo, jirani asiyeingia katika nyumba yako ya ibada huijua imani yako kwenye mizani.

Niliposoma habari ya kipimo na jua kuzama, nilikumbuka Ijumaa moja hapa Kasulu, msimu wa maharage. Nilikuwa na madebe mawili nyuma ya mlango: moja la kuuzia, na jingine lililogongwa kitako kikatokeza nje, la kununulia. Jioni akaja mama mzee kutoka kijijini, mzigo kichwani. Nikamharakisha: “Mama, Sabato inaingia.” Maharage yake, aliyoyapima nyumbani yakawa debe kamili, kwangu hayakujaa. Akalitazama debe, akanitazama mimi. “Haya, mzee wa kanisa,” akasema, akapokea fedha pungufu. Kesho yake nilifundisha lesoni. Yeye alikaa benchi la nyuma.

Amosi anawasema wanaouliza Sabato itakwisha lini ili wakapunguze kipimo. Mimi niliiba kabla haijaanza, nikajihesabu mtunza Sabato kwa kuwa nilifunga mlango kabla jua halijazama.

Soma Mathayo 23:23. Yesu hakuwakemea Mafarisayo kwa sababu walitoa zaka ya mnanaa. Aliwakemea kwa kuacha haki na rehema, kisha akasema hata lile dogo lisiachwe. Hatuokolewi kwa debe la haki. Tunaokolewa kwa neema. Lakini neema ilipoingia nyumbani kwa Zakayo (Luka 19:8), ilifika mpaka kwenye hesabu zake za fedha.

Lile debe nililiponda kwa nyundo Jumapili. Hilo lilikuwa rahisi. Kwenda kijijini kwa yule mama na fedha yake mkononi kulinichukua majuma matatu, na si kwa sababu ya umbali.

Kwa mjadala: Ndugu mmoja katika darasa la Kibondo aliniuliza hivi: “Wanunuzi wote sokoni wanatumia debe lililotokeza. Nikitumia la haki, kwa bei ileile, nitakula hasara na watoto wangu watakosa ada. Nifanyeje?” Mjibuni, Kumbukumbu la Torati 25:13–16 ikiwa wazi mbele yenu. Darasa lenu linaweza kumsaidia nini ndugu huyo, zaidi ya kumwombea?